Kimya Nilichomfundisha

Mama yangu alikuwa na mdomo. Nasema hivi kwa heshima zote, na yeye mwenyewe angekuwa hai angesema hivyohivyo, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Alikuwa akishona magunia kwenye kiwanda cha mkonge Tanga, penye mashine za kelele, na nadhani ndiko alikozoea kusema kwa nguvu. Kila asubuhi aligombana na muuza samaki na kila asubuhi wakapatana. Akiamka anasema, akisali ananyamaza kidogo, akitoa salamu anaendelea palepale alipoachia. Sisi watoto tukitulia sana chumbani, yeye kule jikoni hupaza sauti: “Kimya kingi kina mshindo mkuu! Hebu nendeni mkaangalie wamevunja nini.” Na kweli, aghalabu huwa tumevunja.

Naanza na mama kwa sababu kisa hiki ni chake, ingawa wanaonijua hapa Stockholm wanakiita kisa changu na yule Mjapani.

Nilikuja Uswidi mwishoni mwa miaka ya sitini kujifunza upishi wa hospitali. Mafunzo yakaisha, nikapata kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, nikapanga chumba na jiko Sundbyberg, pembeni ya mji, nikabaki. Jioni nilikwenda darasa la Kiswidi, na huko ndiko nilikomwona. Mwalimu alikuwa akitutesa kwa neno lao la maziwa, mjölk. Waswidi hulimalizia kwa herufi mbili zilizobanana, halafu basi, hakuna irabu, unabaki na ulimi hewani. Mimi nikasema “miyoliki.” Nyuma yangu sauti nyembamba ikasema “myoruku.” Nikageuka. Mwanamke mdogo wa umbo, nywele kazikata fupi, koti kubwa kuliko yeye, ananitazama kama aliyemwona ndugu yake kwenye treni ya watu baki. Kumbe Kijapani nacho, kama lugha yetu, hakipendi kuliacha neno bila irabu. Tulicheka mpaka mwalimu akakasirika.

Akaniomba nimsemeshe Kiswahili. Nikamwambia, “Habari za kutwa.” Akaiandika kwa vialama vyake vya Kijapani, kisha akaisoma. Lahaula! Ungefumba macho ungedhani ni mtoto wa Ngamiani, mtaani kwetu Tanga. Waswidi niliofanya nao kazi miaka walikuwa bado hawawezi kulisema jina langu, huyu anasoma maneno ya kwetu kama kayanyonya ziwani. Hapo ndipo aliponiingia moyoni, na sioni haya kusema. Nikawa namwita shoga, nikamweleza kwamba kwetu pwani mwanamke humwita hivyo rafiki yake wa chanda na pete. Naye akawa ananiita shoga.

Kwao alikuwa mwandishi wa michezo ya televisheni, tena si wa kubahatisha. Mama yake alikuwa na mgahawa mdogo karibu na stesheni ya reli, kwenye mji wa bandari, na yeye alikulia nyuma ya pazia akiosha mabakuli na kusikiliza wateja. Aliniambia hakujifunza kuandika shuleni. Alijifunza palepale, kwa sababu aliwasikia watu bila kuwaona sura, na akaanza kubahatisha nani anadanganya na nani ana njaa kuliko anavyoagiza. Akaenda mji mkuu, akaandika matangazo ya redio, kisha michezo ya redio, kisha televisheni ilipoingia akaingia nayo. Siku hizo mchezo ulirushwa moja kwa moja watu wakiutazama majumbani. Mwigizaji akisahau, yeye yuko chini ya meza amejikunja na karatasi zake, anamnong'oneza. Kwenye chumba cha waandishi alikuwa mwanamke peke yake, na kila mkutano ulianza kwa yeye kutumwa chai. Akileta chai wanamsahau, basi anasikiliza. Hasira za kule chumbani, aliniambia, ndizo alizozilisha familia zake za kwenye televisheni.

Alikuwa na namna yake ya kazi. Hakuandika mlo kwenye mchezo kabla hajaupika kwa mkono wake, ajue mtu anaongea wakati gani na anatafuna wakati gani. Akinialika chakula, mimi nilijua kuna watu wawili kwenye karatasi zake watakaogombana juu ya chakula kilekile. Kisha anasimama jikoni na kuwasoma wote, mume, mke, mkwe, kila mmoja na sauti yake. Mumewe, Mswidi mpole aliyefundisha Kijapani na ndiye aliyemtafsiria kazi zake, alikuwa akila na kutikisa kichwa.

Siku moja akanieleza kwa nini aliacha kazi kwao. Alikuwa ameandika mchezo mrefu, wa kila jioni, juu ya mama mwenye mgahawa kama wa mama yake. Watu waliupenda mno. Kipindi cha mwisho mama yule anamuaga mwanawe stesheni, na maneno ya kuaga yalikuwa maneno halisi ya mama yake, aliyoambiwa yeye alipoondoka kwao. Siku ya kurushwa alisafiri akaketi mgahawani na mama yake, wateja wamejaa, wote wanamtazama mama. Ukafika wakati wa kuaga. Treni ikaondoka. Hakuna neno. Mkubwa wa kipindi alikuwa ameyakata, ati nafasi ilihitajika kwa tangazo la sabuni, na hakumwambia. Mama yake akainuka, akarudi kuosha mabakuli. Shoga yangu aliponisimulia hayo alilia, nami nikalia naye. Nikamwambia kwetu mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwamba yeye hatamfanyia mtu hivyo kamwe. Akasema kamwe.

Sasa hiyo methali nyingine, ile ya kimya, niliisema kwenye treni. Tulikuwa tunakwenda mjini, behewa limejaa, na hakuna anayepumua. Waswidi wa miaka ile, wallahi, mtu angeweza kukaa kwenye goti lako asikusalimie. Mimi nimezoea watu, kimya kile kilinitia wasiwasi, nikamnong'oneza shoga yangu kwamba kwetu tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilikuwa natania. Nilikuwa namwambia, jihadhari na hawa. Akaniuliza maana. Kiswidi changu kilikuwa cha kuokoteza, nikafasiri neno kwa neno: kunyamaza kwingi, sauti kubwa. Akafumba macho kama mtu aliyetiwa asali mdomoni. Akaomba niseme tena, akaandika. Mimi nikafurahi kwamba methali yetu imempendeza Mjapani. Mjinga mimi.

Haukupita muda telegramu ikaja kwamba mama amefariki na amezikwa. Najua kwetu maiti hasubirishwi, ningekuwepo ningesema vilevile azikwe. Lakini kuambiwa kifo na maziko kwa pamoja ni kama kugongewa mlango na kufungiwa nje papo hapo. Wanafunzi wa Kitanzania, wanaume, walikuja, wakasoma Fatiha, wakanywa chai, wakanipa pole, wakaondoka kuwahi treni. Mungu awalipe. Ila msiba wa mama unataka wanawake. Unataka wa kukushika bega ukimtaja marehemu, useme alivyokuwa, ulie, useme tena. Bibi zetu wanakataza, wanasema maiti huadhibika kwa kuliliwa kwa maneno, na bibi haohao ndio huwa wa kwanza kuanza. Kwangu hakukuwa na bibi wa kukataza wala wa kuanza. Nilikwenda kazini, nikamenya viazi vya wazee, nikarudi. Kilio kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Shoga yangu alikuja na wali aliouvingirisha madonge ndani ya kitambaa. Akaketi nami sakafuni. Tukala kidogo. Kisha akauliza taratibu: ungekuwa kwenu, ungesema nini? Nikaanza kwa Kiswidi, kikanishinda, nikasema kwa lugha ya aliyenizaa. Kilio kikatoka.

“Mama, umenyamaza? Wewe? Kesho muuza samaki akipita, nani wa kumwambia samaki wake wamelala? Nikiunguza wali, nani atanisema? Nigombeze, mama. Wewe uliyesema mpaka usingizini, leo wamekuziba kwa pamba.”

Hayo ninayoyaandika ni makombo. Yalikuwa mengi, yalikuja yenyewe, na mtu halii namna ile mara mbili kwa kutaka. Yeye alilia kama aliyeelewa kila neno. Nilipotulia akasema anaandika mchezo kwa ajili ya televisheni ya Uswidi, wa mwanamke wa Kijapani aliyepanga kwenye nyumba ya wageni hapa Stockholm, na anayefagia nyumba ile ni Mwafrika. Akaniomba yule mfagiaji apigiwe simu ya msiba, na aseme haya, kwa Kiswahili, na awe mimi. Nikasita. Akanishika mkono. “Mama yako atasikika, shoga,” alisema. “Sitamwacha mtu aguse hata neno moja.”

Nikakubali. Tafadhali nielewe: sikutaka umaarufu, na kuigiza sijui. Nilitaka mama aliliwe mbele ya watu. Hilo tu ndilo nililotaka.

Studio kulikuwa na ukuta wa mbao uliopakwa rangi kama nyumba, na dirisha lake, na simu isiyokwenda popote. Nikaishika. Nilidhani maneno hayatakuja kati ya wale Waswidi na taa zao, lakini nilipoiweka sikioni yakaja yote, na mengine mapya yakazaliwa palepale. Nikashusha simu. Mpiga picha, jibaba la watu, alijifuta pua kwa mkono wa shati. Shoga yangu alikuwa pembeni, viganja mdomoni. Nilirudi Sundbyberg mwepesi, nikalala kama mtoto.

Siku ya kuonyeshwa niliita watu wangu. Hawakuwa wengi: muuguzi mmoja wa Kiganda aliyekimbia kwao, mama mmoja wa Moshi tuliyefanya naye kazi jikoni, na mzee wa Unguja, baharia wa zamani aliyeoa Mswidi. Nikawaambia waziwazi, leo ni matanga ya mama yangu, yamechelewa tu. Wakayapokea kama matanga. Wanawake walikuja na kanga begani, Mganda akajitanda yangu. Nilipika wali na maharage, kwa ile nazi kavu ya kutengenezea keki, maana nyingine haikupatikana. Mzee akasoma dua. Tukawasha televisheni.

Mchezo ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Yule Mjapani wa kwenye mchezo anapika wali wake kwenye sufuria ya kuazima, na mimi napita na ufagio, nasema maneno mawili matatu ya Kiswidi, wenzangu wanapiga vigelegele. Kisha simu ikalia. Nikamshika mama wa Moshi mkono. Pale kwenye kioo nikaiinua simu, nikaiweka sikioni, uso wangu ukajaa kioo chote. Ukakaa. Natazama dirishani, midomo imefungwa. Ukakaa tena. Ilikuwa picha ya kabla sijaanza kusema, nilipokuwa navuta pumzi, wameivuta hiyo pumzi wakairefusha. Kisha mkono unashusha simu, mfagiaji anachukua ufagio wake.

Muuguzi akanigeukia. “Mbona husemi?”

“Nilisema,” nikamwambia. “Nilisema yote.”

Wale walikuja kunipokea kilio, na kilio hakikuja, na mtu hawezi kukidai kilio kwa televisheni. Mama wa Moshi akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Mzee, kwa kutaka kunifariji, akasema nimetoka vizuri kwenye picha. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama yangu, ambaye hakupata kunyamaza tangu azaliwe, analiliwa kwa kimya, mbele ya Uswidi nzima.

Kesho yake nilipanda treni ya Saltsjöbanan mpaka Fisksätra, kule walikohamia kwenye majengo mapya. Njiani nilikuwa nimeshawapata wakosaji: mwongozaji, wakubwa wa televisheni, Waswidi kwa ujumla wao. Nilikuwa nakwenda kulia naye, mnajua? Nilijua yaliyompata mgahawani, nikasema sasa tumefanana kabisa, masikini shoga yangu atakuwa hajala.

Alinifungulia anang'aa. Chai ilikuwa tayari, na vitafunwa. Akanishika mabega akauliza kama nimejiona, kama nimeona uso wangu, kwamba simu hazijakoma kulia, kwamba watu wa kwao wanautaka mchezo. Nikamkatiza, nikauliza nani kakata maneno ya mama yangu.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. “Mimi,” akasema.

Nikakaa kitini na koti langu. Akaeleza, na alieleza vizuri, maana maneno ni kazi yake. Mwongozaji alitaka kuyaacha. Yeye ndiye aliyekataa. Ati Waswidi wasingeelewa, ingebidi kuandika tafsiri chini ya picha, watu wasome wasimwone mtu. Ati ile pumzi ilikuwa na kila kitu. Alikuwa na hakika nitafurahi, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha. Na hapo, kwa Kiswahili kisicho na doa, kama mtoto wa Ngamiani, akaniambia: “Kimya kingi kina mshindo mkuu.”

Loo. Nimetukanwa mara nyingi katika maisha haya, lakini kutukanwa kwa ulimi wa mama yangu ilikuwa ndiyo mara ya kwanza.

Nikamwambia ile si sifa. Nikamwambia mama yangu huisema tukiwa tumevunja chombo. “Hatusemi hivyo kwa kukipenda kimya,” nilimwambia. “Tunasema kwa kuwa hatukiamini.” Rangi ikamtoka usoni. Mumewe, aliyekuwa mlangoni na birika, akarudi jikoni. Nikamuuliza je, ulinipigia simu? Ulikuja Sundbyberg? Uliyakata lini, na mimi nikiwa nakula mezani kwako? Akasema alihofu nitakataa kabla sijaona. Basi alijua! Ningemsamehe kutoelewa methali, mgeni ni mgeni. Ila alijua kwamba ningekataa, ndiyo maana hakuuliza, kama vile mkubwa wake wa sabuni hakumuuliza yeye. Wengine wakitafunwa na nyoka hujifunza kuogopa nyoka, wengine hujifunza kutafuna.

Nikaomba jambo moja: anipe ule mkanda wenye sauti. Sitaki uonyeshwe, nitaupeleka Tanga wakasikilize, au nitaukumbatia tu. Akainamisha kichwa. Mikanda ni ghali, akasema, huifuta wakarekodia mambo mengine. Umeshafutwa. Nikainuka. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo nilivyomwambia, na sikumfasiria.

Mchezo wake ulikwenda Japani, na huko, mumewe aliniambia tulipokutana sokoni, watu walimsifu sana yule Mwafrika asiyesema. Kwa uso wangu alirudishiwa kazi yake. Wakamwita arudi akaandike tena michezo mirefu ya kila jioni, na mume hakutaka kuhama, wakaachana bila makelele. Nasikia aliandika kwa miaka na miaka na akawa mtu mkubwa, na kwamba hakuna mchezo wake usio na mtu aliyeshika simu akanyamaza. Watu wa kwao wanalijua hilo kama alama yake. Wanadhani amelitoa kwao.

Kabla hajaondoka alinipigia. Nilikuwa nimehamia Norsborg, treni ya chini ya ardhi ilikuwa ndiyo kwanza imefika huko, na sijui nani alimpa nambari. Ilikuwa mchana, napasha chakula. Akajitaja kwa Kiswidi, akasema telegramu imefika, mama yake amekufa, wamekwishamchoma, maana kwao maiti huchomwa, tiketi yake ilikuwa ya wiki ijayo. Wiki ijayo tu, akasema. Kisha Kiswidi kikamwisha. Akaanza kwa lugha yake, na yalikuwa maneno, jamani, maneno juu ya maneno, yote yakiishia kwa irabu, yakipanda na kushuka. Sikuelewa hata moja na nikajua kila lilipo: hapa anamwita, hapa anamuuliza, hapa ni mabakuli. Alikuwa anamlilia mama yake kama watu wanavyomlilia mama. Na katika dunia nzima alikuwa amenipigia mimi.

Alipoishiwa pumzi nikasikia anangoja. “Sema kitu, shoga,” akasema kwa Kiswahili.

Pole ilikuwa mdomoni. Sisi pole tunampa hata mpita njia aliyejikwaa. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, simu sikioni, midomo nimeifunga, na chungu kilianza kuungua nyuma yangu. Alikuwa mtu wa kupenda kimya. Nikampa, chote, mpaka akaweka simu chini mwenyewe.